Uingereza: Pikipiki ya zamani ikipatikana bandani, nambari yake huongea kabla ya moteri

Tarehe 24 Aprili 2016, katika mnada uliofanyika Stafford, Uingereza, pikipiki iliyoliwa na kutu, isiyoweza kuwaka, iliuzwa kwa paundi 331.900, yaani zaidi ya dola 450.000 za wakati ule. Hakuna aliyekuwa ameipaka rangi wala kuisafisha ili ipendeze macho ya wanunuzi. Ilitoka bandani pamoja na zingine saba za kiwanda kilekile, huko Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, mahali zilipokaa zaidi ya miaka 50 chini ya vumbi. Baadhi yake zilikuwa zimefunguliwa vipande vipande. Zote nane ziliingiza zaidi ya paundi 750.000.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo, habari hii inaweza kuonekana kama kichekesho cha matajiri. Kwetu pikipiki ni mkate wa kila siku: ikilala miezi sita bila kutembea, jirani anakuja kuomba buji, mwingine anaomba mipira, na mwisho inabaki shasi tupu. Lakini ndani ya habari hii kuna swali ambalo kila mwenye pikipiki hapa kwetu analijua vizuri: kama chombo hakina karatasi, na mwenyewe amekwisha kufariki, utajuaje ni chombo gani, cha mwaka gani, na ni cha nani? Familia inayojibu vizuri swali hilo inaweza kupata nyumba. Ile isiyojibu inamwachia mnunuzi wa chuma chakavu, naye analipa kwa kilo.

Jina lililofanya kutu iwe dhahabu

Pikipiki nane za Cornwall ziliitwa Brough Superior. Mtengenezaji wake, George Brough, alianza kazi mjini Nottingham mwaka 1919 na kuiacha mwaka 1940, wakati vita vya pili vya dunia vilipobadilisha kazi za viwanda vyote. Katika miaka hiyo yote hakutengeneza zaidi ya pikipiki 3.000 hivi, hesabu ambayo kiwanda cha leo cha India kinaimaliza kwa siku chache. Modeli ya SS80 iliuzwa kwa ahadi kwamba inafikia maili 80 kwa saa, karibu kilometa 130, na SS100 kwa ahadi ya maili 100, yaani kilometa 160. Miaka ya 1920 mwendo huo ulikuwa wa kutisha. T. E. Lawrence, yule mwanajeshi na mwandishi Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alimiliki saba, na ndiyo aina aliyokuwa akiendesha alipopata ajali iliyomuua mwezi wa Mei 1935.

Ile iliyouzwa bei kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1938, ya aina ya BS4. Ilibeba moteri ya gari dogo la Austin yenye silinda nne, na nyuma ilikuwa na magurudumu mawili yaliyobanana kabisa. Pikipiki za aina hiyo zilitengenezwa 10 tu. Bila mtu wa kuitambua, ingeonekana kama takataka iliyounganishwa na fundi wa kijijini.

Ndugu zake wa kawaida

Kusema kweli, wengi wanaofungua banda la babu yao huko Uingereza hawakuti Brough. Wanakuta BSA, Triumph, Norton, Matchless, Ariel ao Royal Enfield. Hizo ndizo zilizobeba wafanyakazi kwenda viwandani na barua za jeshi wakati wa vita. BSA ilianza mwaka 1861 kama kampuni ya mafundi wa bunduki wa Birmingham, na ndiyo sababu alama yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Ilianza kuuza pikipiki mwaka 1910. Wakati wa vita vya pili vya dunia ilitoa zaidi ya 126.000 za modeli moja tu, M20, yenye silinda moja ya sentimeta za ujazo 500. Miaka ya 1950 ilihesabiwa kuwa kampuni kubwa ya pikipiki kuliko zote duniani. Miaka 20 baadaye, Wajapani wakiwa wameleta pikipiki zisizovuja mafuta na zinazowashwa kwa kubonyeza kidude, BSA ilianguka.

Barabara za Kongo nazo ziliwahi kuona pikipiki za Waingereza. Mwezi wa Desemba 1934, wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya sentimeta za ujazo 600, yenye kigari cha ubavuni na kitoroli cha kuvuta nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakabadilisha moteri njiani, wakapita Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, kisha Afrika ya Mashariki, wakafika Cape Town mwezi wa Julai 1935. Anayejua barabara zetu wakati wa mvua anaweza kupima safari hiyo ilikuwa ya namna gani.

Siku ya kwanza: usioshe, usipake rangi

Kosa la kawaida la mtu aliyekuta pikipiki bandani ni furaha. Anaitoa nje, anaimwagia maji, anachukua msasa, na kabla ya jioni amefuta rangi ya kiwanda, maandishi madogo ya tangi, na wakati mwingine nambari yenyewe. Haraka haraka haina baraka. Wale wenye uzoefu huanza na picha: pande zote, kila bulo, kila waya, kila kitu kilivyokaa. Kisha wanapekua banda zima. Boksi la bulo lililo pembeni laweza kuwa ni la pikipiki hiyohiyo. Karatasi iliyobandikwa ukutani, risiti ya garaji, kipande cha plaki, stika ya kodi ya barabara ya miaka ya 1960: vyote hivyo ni ushahidi. Baada ya hapo wanawauliza wazee wa jirani, kwani mzee wa miaka 80 aliyewahi kupandishwa nyuma ya pikipiki hiyo anakumbuka rangi yake kuliko kitabu.

Jina lililoandikwa kwenye tangi si la kutegemea. Tangi hubadilishwa kwa dakika chache. Tena, miaka ya 1960 vijana wa Uingereza walipenda kuchukua moteri ya Triumph na kuiweka katika shasi ya Norton, wakaiita Triton. Pikipiki ya namna hiyo ina baba mmoja na mama mwingine.

Mwili wenyewe ndio unaotoa umri wa kwanza. Kama furshi ya mbele ni ya vyuma vinavyochezeshwa na resori moja kubwa inayoonekana, mara nyingi pikipiki ni ya kabla ya mwaka 1946 hivi, ao ni ya jeshi. Furshi za mirija inayoingiana, kama zile za pikipiki za leo, zilienea baada ya vita. Kwa nyuma, shasi isiyo na amortiseri hata moja ni ya zamani zaidi. Zilifuata zile zenye resori fupi mbili zilizosimama kando ya gurudumu, na katika miaka ya 1950 ikaenea mikono inayopanda na kushuka kama tunavyoijua. Jambo moja litamshangaza kila motari wa kwetu: kwa pikipiki hizi vitesi viko mguu wa kulia, na freni ya nyuma iko mguu wa kushoto. Waingereza waligeuza hayo katikati ya miaka ya 1970, baada ya sheria ya Marekani kuwalazimisha.

Kusoma nambari

Nambari ziko mbili, na zote zinahitajika. Ya moteri hugongwa juu ya chuma cha chini ya silinda, mara nyingi upande wa kushoto. Ya shasi hugongwa karibu na shingo ya usukani, kwenye bomba la mbele, ao chini ya kiti, kufuatana na kiwanda. Husafishwa kwa kitambaa na mafuta kidogo, si kwa msasa wala brashi ya chuma.

Nambari hizo zina lugha yake. Triumph waligonga nambari moja kwenye moteri na kwenye shasi, kwa hiyo zikitofautiana, fahamu kwamba kimoja kimetoka kwingine. BSA za miaka ya 1950 hazikufuata desturi hiyo: nambari zake mbili zilikuwa tofauti tangu kiwandani, na mtu asiyejua anaweza kukataa pikipiki halali akidhani ni ya wizi. Kuanzia mwaka 1969, BSA na Triumph ziliweka herufi mbili mbele ya nambari: ya kwanza inataja mwezi, ya pili inataja mwaka wa modeli. Wakati huohuo Triumph ilianza kutengeneza mahali pa nambari pakiwa na alama ndogondogo za jina lake, ili mtu akisugua na kugonga nambari nyingine, alama hizo zifutike na udanganyifu uonekane. Hata bila alama hizo, jicho la fundi hutafuta tarakimu zisizolingana kwa ukubwa, chuma kilichopungua unene, ao mstari uliopinda.

Kisha nambari hupelekwa kwenye vitabu. Viwanda vingi vilikufa, lakini madaftari yake hayakutupwa yote. Chama cha Vintage Motor Cycle Club, kilichoanzishwa mwaka 1946, kinatunza katika maktaba yake huko Burton upon Trent madaftari ya viwanda kadhaa, yaliyoandikwa kwa mkono siku pikipiki ilipotoka kiwandani. Mtu akituma nambari zake na malipo, anaweza kuambiwa siku pikipiki ilipotoka, modeli yake, na muuzaji aliyepelekewa. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee. Hapa daftari limebaki wakati kiwanda chenyewe kimekuwa kiwanja cha nyumba.

Karatasi zilizopotea mwaka 1983

Kujua pikipiki hakutoshi, lazima serikali nayo iijue. Uingereza ilipohamisha kumbukumbu za magari kutoka ofisi za mikoa kwenda kwenye kompyuta za Swansea, wenye vyombo walipewa hadi mwezi wa Novemba 1983 kujiandikisha. Pikipiki iliyokuwa imelala bandani wakati huo haikuandikishwa, na plaki yake ikawa kama haijawahi kuwepo.

Mlango haukufungwa kabisa. Kuna utaratibu unaoitwa V765: mwenye pikipiki anatafuta ushahidi wa zamani unaounganisha nambari ya shasi na plaki, kama kitabu cha zamani cha chombo ao rejista ya mkoa iliyohifadhiwa. Chama kinachotambuliwa kinahakikisha pikipiki na ushahidi wake, kisha ofisi ya serikali, DVLA, inaamua. Ikikubali, pikipiki inarudishiwa plaki yake ya kwanza, ila kwa sharti moja: plaki hiyo haiwezi tena kuhamishiwa chombo kingine. Sharti hilo liliwekwa ili watu wasinunue shasi mbovu kwa ajili ya kuuza plaki nzuri. Asiye na ushahidi wa plaki ya kwanza, lakini akithibitisha umri, anapewa nyingine ya kufaa umri huo. Na asiyeweza kuthibitisha hata umri anapewa plaki inayoanza na herufi Q, inayomwambia kila mnunuzi kwamba asili ya chombo hiki haijulikani. Tofauti ya bei kati ya pikipiki ya kwanza na hii ya mwisho ni kubwa, hata kama chuma ni kilekile.

Kufufua moteri

Hapa ndipo mafundi wa garaji zetu wangejisikia nyumbani. Sheria ya kwanza ni kutopiga kiki. Baada ya miaka 40, pistoni inaweza kuwa imeshikana na silinda, ao kutu imeota ndani, na kiki moja ya nguvu inavunja kile ambacho subira ingeokoa. Buji hutolewa, mafuta mepesi humiminwa katika tundu lake, wengine wakichanganya na mazutu, na kuachwa siku kadhaa. Halafu vitesi huingizwa na gurudumu la nyuma kusukumwa polepole, mbele na nyuma, hadi pistoni iachie.

Sheria ya pili ni kutoamini mafuta ya zamani. Nyingi ya pikipiki hizi hazibebi mafuta ya moteri chini ya moteri. Yanakaa katika tangi lake la pembeni, na pampu ndiyo inayoyazungusha. Zikisimama muda mrefu, mafuta hushuka taratibu na kujaa chini, na yale ya miaka mingi hugeuka tope linaloziba njia. Mtu anayewasha moteri bila kufungua na kusafisha njia hizo anaweza kusikia sauti nzuri kwa dakika tano, kisha sauti ya chuma kwa chuma.

Umeme wake pia una tabia yake. Pikipiki nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilitumia magneto, mara nyingi ya Lucas, inayojitengenezea cheche bila batiri. Kwa hiyo pikipiki inaweza kuwaka hata batiri ikiwa imekufa, jambo ambalo motari wengi wangelipenda. Lakini ndani ya magneto kuna kifaa cha kutunza umeme ambacho huzeeka: ikiwa baridi inatoa cheche, ikipata joto inanyamaza. Fundi asiyejua atalaumu karbirateri siku nzima.

Halafu kuna kle. Bulo za pikipiki za Uingereza za miaka hiyo hazikupimwa kwa milimita. Zilifuata vipimo vya inchi, vingi vikitokana na kazi ya mhandisi Joseph Whitworth aliyependekeza kipimo chake mwaka 1841. Kle ya 13 ao ya 14 inaonekana kama inaingia, lakini inacheza kidogo, na mkono ukikaza, pembe za bulo zinakwisha. Seti ya kle za Whitworth ndiyo piyesi ya kwanza ya kununua, kabla hata ya buji.

Sheria ya mwisho inahusu uhai wa fundi. Viatu vya freni vya zamani vilikuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa huleta magonjwa ya mapafu miaka mingi baadaye. Halipulizwi kwa hewa ya kompresa, bali hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa kinachotupwa. Mipira nayo hubadilishwa hata kama inaonekana nzima, kwa sababu raba ya miaka 40 hupasuka ikipata joto. Sheria ya Uingereza haidai ukaguzi wa kila mwaka kwa chombo kilichozidi miaka 40 ambacho hakikubadilishwa sana, lakini mwendeshaji bado anawajibika kama freni haishiki.

Rangi mpya ao kutu ya zamani?

Moteri ikikubali kuwaka, linabaki swali linalogawanya wapenzi wa pikipiki hizi. Wengine wanataka kila kitu king'ae: rangi mpya, kromu mpya, kiti kipya. Wengine wanasema rangi ya kiwanda haipatikani mara mbili, na kwamba mkwaruzo uliotokana na buti la babu ni sehemu ya historia. Mnada wa mwaka 2016 uliwapa nguvu hawa wa pili, kwani wanunuzi walilipa pesa nyingi kwa pikipiki ambazo hakuna aliyezigusa.

Jibu hutegemea hali ya chuma na shabaha ya mwenyewe. Shasi iliyotobolewa na kutu haiwezi kubaki hivyo kwa jina la historia. Tangi linalovuja esansi ni hatari, si kumbukumbu. Lakini pale ambapo rangi ya zamani bado inashika, kuisafisha na kuipaka nta kunagharimu kidogo na kunabakisha ukweli. Pia gharama zinatakiwa kuhesabiwa mapema: kwa BSA ya kawaida, kazi ya kromu, rangi, silinda na magneto inaweza kupita bei ya pikipiki yenyewe ikiisha. Wengi wanaofanya hivyo hawatafuti faida. Wanataka kusikia tena sauti waliyoisikia wakiwa watoto.

Majina yaliyohamia India

Kuna jambo ambalo mwendeshaji wa taksi ya pikipiki hapa kwetu anaweza kulichukua katika habari hii. Majina hayo ya Uingereza hayakufa yote, ila mengi yalibadilisha wenyewe. Royal Enfield ilianza kutengenezwa Madras mwaka 1955, na kiwanda cha India kiliendelea hata baada ya kile cha Uingereza kufungwa. Jina la BSA sasa liko mikononi mwa kundi la Mahindra. Bajaj, kampuni inayotengeneza Boxer, inashirikiana na Triumph na kutengeneza baadhi ya modeli zake India. Na mwezi wa Aprili 2020, TVS, ambayo pikipiki zake zinajaa katika barabara za Goma na Bukavu, ilinunua Norton kwa paundi milioni 16.

Kwa hiyo kijana anayebeba abiria kwa TVS kutoka Birere hadi Katindo anaendesha chombo cha kampuni inayomiliki leo moja ya majina makubwa ya pikipiki za Uingereza. Naye pia, kabla hajaiuza ao kuwaachia watoto wake, ana kazi tatu zisizogharimu kitu: kunakili nambari ya shasi na ya moteri mahali salama, kutunza karatasi ya mauzo hata ikiwa imechanika, na kuwaonyesha walio nyumbani mahali vyote viwili vilipo.